Michoro ya Rolls-Royce Mezani kwa Ford

Stanley Hooker alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mtu wa injini huko Rolls-Royce, na katika kumbukumbu zake anasimulia kisa ambacho wapenzi wa historia ya ndege hawachoki kukirudia. Ilikuwa mwanzoni mwa Vita ya Pili. Wahandisi wa Ford walifika Rolls-Royce kuichambua michoro ya injini yao ya ndege iitwayo Merlin, maana serikali ya Uingereza ilitaka Ford nao waitengeneze. Baada ya muda mmoja wao akamwambia Hooker kwamba kwa michoro hii hawataweza. Hooker akajibu kwa majivuno kidogo: bila shaka vipimo vyetu vimebana mno kwenu. La hasha, akaambiwa, vipimo vyenu vimelegea mno. Sisi hata magari yetu tunayatengeneza kwa usahihi kuliko hivi.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho: watengenezaji wa gari la mtu wa kawaida wamewaaibisha watengenezaji wa gari la kifalme. Mimi nakisoma vingine. Rolls-Royce hawakuwa wazembe hata kidogo. Walichokuwa nacho ni mafundi. Mchoro ulimwachia fundi nafasi, naye akaimalizia kwa tupa na kwa jicho lake: anajaribu, anakwangua kidogo, anajaribu tena, mpaka kifaa kimekaa. Injini iliyotoka mikononi mwake ilikuwa nzuri sana, ila kifaa ulichokichomoa kwenye injini hii hukuwa na hakika kwamba kitaingia kwenye ile ya pili.

Aliyewahi kusubiri kazi yake kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, ameiona kazi hiyo kwa macho. Unampelekea mzee bushi iliyolika. Anaipima kwa kaliba, anakata kipande cha chuma, anakereza, anaingiza, anatoa, anarudi mashineni, anapitisha msasa, anaingiza tena. Ikikaa, imekaa kwelikweli. Lakini jaribu kumwambia, "Mzee, nichongee na nyingine kumi kama hii nimpelekee mtu Mwanza." Atakutazama tu. Kumi za gari gani? Hii ameichonga kwa gari lako, na gari lako limelika kwa namna yake.

Ford hawakuwa na wazee wa aina hiyo wa kutosha, na vita haikuwapa muda wa kuwalea. Walitaka kila kifaa kitoke kwenye mashine kikiwa tayari kuingia kwenye injini yoyote, mikononi mwa mtu aliyeajiriwa mwezi uliopita. Kwa hiyo ujuzi wote uliokuwa umejificha vidoleni mwa mafundi wa Derby, makao ya Rolls-Royce, ulibidi utolewe, upimwe, uandikwe. Waliichora upya michoro yote ya Merlin kwa viwango vyao, kazi iliyowachukua kama mwaka hivi kwa maelezo ya Hooker. Na hapo ndipo ninapoona kiini cha habari hii yote ya ushirikiano wa wapinzani wakati wa vita. Aliyekupa michoro amekupa kidogo. Faida kubwa ilirudi kwa mwenye michoro, pale mgeni asiye na sababu ya kumstahi alipoisoma mstari kwa mstari na kumwambia wapi ameficha kitu bila kujua.

Ukweli ni kwamba Rolls-Royce hawakuwa wametaka kumkabidhi mtu yeyote. Kuanzia 1936 Wizara ya Anga ilikuwa na mpango wa viwanda vivuli: serikali inajenga kiwanda, kampuni ya magari inakiendesha, na humo zinatengenezwa injini za ndege za kampuni nyingine. Austin, Daimler, Rover, Rootes na Standard, ambao sokoni walikuwa wakinyang'anyana wateja, waligawana vipande vya injini za kampuni ya Bristol. Huyu achonge hiki, yule achonge kile, kisha vikutanishwe. Ernest Hives, aliyekuwa akiendesha Rolls-Royce, aliukwepa mpango huo alivyoweza. Hoja yake ilikuwa kwamba Merlin inabadilika kila wiki, na mabadiliko hayo hayawezi kumfuata mtu wa nje kwa kasi inayotakiwa. Badala yake wakapata viwanda vyao wenyewe, kimoja Crewe kilichoanza kutoa injini 1938, kingine Hillington karibu na Glasgow. Hoja haikuwa ya uongo. Lakini mwenye siri hakosi hoja ya kuilinda, na nyingine huwa nzuri sana.

Mahitaji ndiyo yaliyowashinda. Merlin ilikuwa ikivuta ndege za kivita za Spitfire na Hurricane. Kisha ikaja Mosquito yenye injini mbili, na ndege ya mabomu ya Lancaster yenye injini nne, ambayo ikiangushwa usiku mmoja inaondoka na zote nne. Ford wa Uingereza wakajengewa kiwanda Trafford Park, Manchester, kikagawanywa sehemu mbili zilizoachana ili bomu moja lisimalize kazi yote. Mwezi Mei 1941 kilikamilika na mwezi huohuo kikapigwa bomu. Injini ya kwanza ilitoka Juni. Kilipofikia kilele kilikuwa na wafanyakazi 17,316, kati yao wanawake 7,260, na wengi wao hawakuwahi kushika spana kabla ya vita. Hadi mwisho kilitoa Merlin zaidi ya 30,000. Saa za kazi zilizohitajika kwa injini moja, zilizoanzia kwenye 10,000 hivi, zilishuka chini ya 3,000.

Hao wanawake wasipitwe haraka. Kule Hillington, kiwanda cha Rolls-Royce wenyewe, waligoma 1943 kwa sababu kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na mwanamume ililipwa pungufu pale ilipofanywa na mwanamke. Wanaume wengi waliungana nao. Mabosi walikuwa wamefaulu kuifanya kazi ya fundi igawanyike vipande vinavyofundishika kwa wiki chache, kisha wakaitumia hoja hiyohiyo kusema kwamba kazi hii si ya fundi tena, kwa hiyo malipo yake si ya fundi. Mwanamke aliyesimama hapo saa zote akitoa kifaa kinachopita kipimo alijua kwamba injini inayokwenda vitani haina tundu la kuonyesha jinsia ya aliyeikaza.

Sasa tuvuke bahari. Katikati ya 1940 William Knudsen, aliyepewa na Rais Roosevelt kazi ya kusukuma uzalishaji wa silaha, alikubaliana na Edsel Ford kwamba Ford wa Marekani watatengeneza Merlin 9,000: 6,000 za Uingereza na 3,000 za Marekani. Lord Beaverbrook, waziri wa uzalishaji wa ndege, akaitangaza habari hiyo London kwa furaha. Mzee Henry Ford aliposikia akaivunja. Hatatengeneza silaha kwa ajili ya nchi iliyoko vitani, basi. Yaani jina lilelile la Ford lililokataa Merlin upande huu wa Atlantiki ndilo lililokuwa likijenga kiwanda cha Merlin upande ule. Ningependa sana kujua mazungumzo ya simu ya wiki ile kati ya mwana na baba yake.

Kazi ikaenda kwa Packard wa Detroit, mkataba ukatiwa saini Septemba 1940. Hapa upinzani ulikuwa wa kweli, maana Packard walikuwa wauzaji wa magari ya matajiri kama Rolls-Royce, na kwa miaka kumi hivi, hadi 1931, Rolls-Royce walikuwa na kiwanda chao Springfield, Massachusetts, wakiwatafuta wateja walewale. Michoro ilipofika Detroit ikakuta tatizo ambalo hakuna aliyelisababisha kwa makusudi. Mchoraji wa Kiingereza wa wakati ule, akitaka kuonyesha sura ya kifaa kikitazamwa kutoka kushoto, aliichora upande wa kulia wa karatasi. Mmarekani aliichora upande wa kushoto. Ukiusoma mchoro wa mmoja kwa macho ya mwenzake, tundu linahamia upande usiokuwa wake. Packard nao wakachora upya.

Halafu kulikuwa na nyuzi za bolti, na hili ndilo linalonivutia kuliko mengine yote. Bolti za Merlin zilifuata nyuzi za Kiingereza, na si aina moja tu bali kadhaa kwa pamoja, zenye pembe tofauti na zile za Marekani. Njia rahisi ingekuwa kuweka bolti za Kimarekani na kuendelea na maisha. Packard hawakufanya hivyo. Fundi aliyeko kwenye uwanja wa ndege wa Kent ana spana za Kiingereza na ana boksi la nati za Kiingereza, na injini ya Detroit itafika kwake siku moja kuchukua nafasi ya injini ya Derby. Kwa hiyo Packard walitengeneza vifaa vyao wenyewe vya kukatia nyuzi, tepu na dai, kwa kuwa viwanda vya vifaa vya Marekani havikuwa nazo, ili wakate nyuzi za nchi nyingine ndani ya kiwanda chao. Ni kazi isiyoonekana wala kusifiwa kwenye filamu. Lakini mtu akiniuliza ushirikiano wa viwandani unafananaje, nitamwonyesha nati hiyo kabla ya kumwonyesha picha ya wakurugenzi wakishikana mikono.

Injini ya kwanza ya Packard ilinguruma Agosti 1941, chini ya mwaka mmoja tangu saini. Ilikuwa na mabadiliko yake. Beringi kuu za krenkshafti, ambazo Derby walizitengeneza kwa mchanganyiko wa shaba na risasi, Packard walizipa fedha na risasi na kuzipaka metali iitwayo indiamu ili mafuta yasizile. Ujuzi huo ulitoka Pontiac, tawi la General Motors. Na General Motors, kupitia Allison, walikuwa wakitengeneza injini yao ya silinda 12 iliyokuwa mpinzani wa moja kwa moja wa Merlin. Ndege ya Mustang ilianza na hiyo Allison. Chini ilikimbia vizuri, juu ikaishiwa pumzi. Rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, Ronald Harker, aliirusha Aprili 1942 akashauri iwekwe Merlin yenye supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa) ya hatua mbili, na ndiyo Mustang iliyokuja kuzisindikiza ndege za mabomu za Marekani hadi Berlin na kurudi. Injini iliyomwondoa mtoto wa General Motors kwenye Mustang ilikuwa inazunguka juu ya beringi za ndugu yake. Jumla Packard walitoa zaidi ya 55,000. Ukijumlisha na za Manchester, Merlin zilizotengenezwa nje ya viwanda vya Rolls-Royce ni nyingi kuliko za ndani.

Wamarekani wenyewe walikuwa na utaratibu wa kugawana injini za Pratt & Whitney: Buick, Chevrolet, Ford, hata Nash-Kelvinator waliojulikana kwa majokofu. Katika hizo kuna ile ya silinda 14 iliyovuta ndege ya mizigo ya Dakota. Wazee wetu waliopigana Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliosonga mbele katika bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 pale barabara zilipogeuka tope tupu, walipata chakula na risasi kwa kudondoshewa na Dakota. Chini ya mlio huo wa injini askari wa KAR (King's African Rifles) aligawana chakula na mwenzake wa Nyeri au wa Songea, na sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba injini ya ukoo ule ilitengenezwa pia na watu wa Chevrolet.

Nirudi Detroit, maana kuna jambo ambalo watu wa injini hulikwepa. Tarehe 3 Juni 1943 wafanyakazi weupe wa Packard wapatao 25,000 waliweka vifaa chini. Sababu ni kwamba wafanyakazi watatu weusi walipandishwa kwenda kufanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha. Roosevelt alikuwa ameshapiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya silaha tangu 1941, kwenye karatasi. Wiki chache baadaye jiji lote liliwaka. Watu 34 walikufa, 25 kati yao weusi. Kampuni zilizokuwa zikipigania wateja hao hao matajiri ziliweza kukubaliana hadi kwenye pembe ya nyuzi za bolti kuvuka bahari nzima, na ndani ya ukuta mmoja watu wale wale wanaozikaza hizo bolti hawakukubali kusimama bega kwa bega. Anayenihubiria kwamba vita huwaunganisha watu, kwanza anieleze hiyo wiki ya Juni.

Hata baina ya kampuni mambo hayakuwa mteremko. Mfano mbaya ni Napier na Bristol, wote watengenezaji wa injini za ndege. Napier walikuwa na injini ya Sabre, silinda 24, zaidi ya nguvu farasi 2,000, ya kuvuta ndege ya Typhoon. Haikuwa na valvu za kawaida. Fundi wa gari anaijua slivu kama kitu kinachotulia ndani ya bloku na pistoni ndiyo inayopanda na kushuka. Kwenye Sabre slivu yenyewe inapanda, inashuka na kujizungusha kidogo, na matundu yaliyokatwa ubavuni mwake ndiyo yanayofungua na kufunga njia ya hewa na moshi. Ikiwa na kasoro ya duara ndogo kiasi cha unywele, inakwama. Za Napier zilikuwa na kasoro. Injini zilikufa angani na marubani wakafa nazo, kabla hata Mjerumani hajawaona.

Bristol walikuwa wameshapitia mateso hayohayo kwa miaka, wakatumia fedha nyingi mpaka wakapata chuma kinachofaa na njia ya kukisaga. Na slivu ya injini yao ndogo, Taurus, ilikuwa na kipenyo kilekile cha Sabre, inchi 5. Jibu lilikuwepo nchini, treni moja tu kutoka lilipohitajika. Lakini Bristol waliona huo ni urithi wao, na Napier hawakutaka kwenda kupiga hodi kwa jirani. Ilibidi serikali iwalazimishe. Slivu za Taurus zilipojaribiwa kwenye Sabre, zikafanya kazi. Hapo utaona kwamba ule ukarimu unaotajwa kwenye vitabu vya kampuni, vilivyoandikwa baada ya ushindi, mara nyingi ulikuwa na ofisa wa serikali amesimama mlangoni.

Ukarimu wa hiari ulikuwepo pia, ila ulikuwa na bei. Injini ya jeti ya Frank Whittle ilikuwa imekabidhiwa Rover waitengeneze kwenye viwanda vya zamani vya pamba huko Lancashire na Yorkshire, Clitheroe na Barnoldswick. Whittle na Rover hawakuivana. Yeye aliona wanaiharibu kazi yake, wao waliona hajui kiwanda kinavyokwenda, na mhandisi wao kijana Adrian Lombard akachora kwa siri toleo lililonyoosha njia ya hewa. Mwishoni mwa 1942 Hives na Hooker walikutana na Spencer Wilks wa Rover kwa chakula kwenye hoteli ya Swan and Royal, Clitheroe. Walipomaliza kula Hives akamwuliza Wilks anahangaikia nini na jeti. Nipe mimi hiyo, akasema, nami nikupe kiwanda chetu cha injini za vifaru cha Nottingham. Wilks akakubali palepale. Injini hiyo ya vifaru, ajabu yake, ilikuwa Merlin iliyovuliwa supachaja. Hakuna mwanasheria aliyekaa mezani. Serikali iliarifiwa baadaye, ikabariki.

Lombard alihamia Rolls-Royce pamoja na mchoro wake, nao ukawa injini ya Derwent. Whittle hakuifurahia kabisa ile siri ya Rover, na sioni kwa nini angeifurahia. Barnoldswick ndiyo ile herufi B kwenye RB211, injini ambazo wasafiri wengi walizipanda kwenye Boeing 757 na 747.

Baada ya vita mlango ulibaki wazi kwa namna ambayo Hives wa 1936 asingeiota. Pale Barnoldswick ilitoka jeti kubwa zaidi, Nene. Pratt & Whitney waliitengeneza kwa leseni Marekani, wakaiita J42. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, Stafford Cripps akiwa waziri wa biashara, iliruhusu Nene na Derwent ziuzwe Urusi ya Kisovieti. Warusi walizifungua, wakazipima, wakaichora Nene upya kama Ford walivyoichora Merlin, tofauti ikiwa kwamba wao hawakuwa na mkataba wa kufanya hivyo, wakaiweka kwenye ndege yao ya kivita ya MiG-15. Tarehe 9 Novemba 1950, juu ya Korea, ndege ya Panther ya jeshi la majini la Marekani yenye J42 iliiangusha MiG-15 yenye nakala ya Kirusi. Rolls-Royce walijaribu baadaye kuwadai Wasovieti ada ya leseni. Hawakulipwa.